Python 3.8 imeshafungwa, wateja wangu bado wako Windows 7. Niwaache?

#1 Kijana wa Sayansi
Wakuu habari za jioni.

Nina programu ya kutunza vitabu vya SACCOS na vikoba: hisa, akiba, mikopo, marejesho, adhabu, gawio la mwisho wa mwaka. Nilianza kuiandika mwanzoni mwa 2020 nikiwa nimepanga chumba kimoja Sayansi. Leo inatumika ofisi 31, nyingi hapahapa Dar kuanzia Mbagala hadi Bunju, chache Kibaha na Bagamoyo. Haihitaji intaneti. Inakaa kwenye kompyuta ya ofisi, mhasibu anaingiza, inachapa risiti, basi.

Wakati ule Python 3.8, toleo la lugha ya kuandikia programu, ndiyo ilikuwa mpya, ilikuwa imetoka Oktoba 2019, nikajenga juu yake. Tarehe 7 Oktoba mwaka huu wa 2024 wenye lugha wameifunga. Hakuna tena marekebisho, hata ya usalama. Siku hiyohiyo wametoa 3.13.

Kwangu mzigo umeshakuwa mzito. Kila kipengele kipya nakijaribu kwenye kompyuta mbili. pandas, maktaba ya Python ninayotolea ripoti za Excel, iliacha 3.8 tangu toleo la 2.1, kwa hiyo nimekwama na ya zamani. Kuanzia 3.9 lugha yenyewe inaijua saa ya Africa/Dar_es_Salaam, mimi bado nabeba maktaba ya pembeni kwa kazi hiyo. Nikiandika kitu kwa namna ya kisasa, kinafanya kazi kwangu, kinakufa Temeke.

Nimeandika tangazo: kuanzia Januari toleo jipya la programu yetu litataka Python 3.10 kwenda juu. Mwenzangu tunayefanya naye kazi amegoma kulituma. Anasema ofisi 14 kati ya 31 zina Windows 7, na Windows 7 haivuki 3.8. Mimi nasema tunawadekeza. Wote nimeshawawekea 3.8 ya mwisho kabisa, nimewavumilia miaka, sasa wahame.

Nani yuko sahihi, mimi au mwenzangu?

#2 Chumvi ya Pwani
Naweka kambi hapa. Nina mgogoro kama huohuo na mwenye duka mmoja Kariakoo.

#3 Mzee wa Seva
Mleta mada, tuma tangazo lako.

Mimi nimeuona msiba wa Python 2 kwa macho yangu. Python 3 ilitoka Desemba 2008. Wakasema 2.7 itafungwa 2015. Watu wakalia, wakaongezewa miaka mitano, mpaka 1 Januari 2020. Kwa hiyo miaka kumi na moja dunia nzima ikawa inaandika kila kitu mara mbili. Huruma ile haikumsaidia aliyelala. Aliyelala aliamka Desemba 2019 akaanza kupiga simu.

Nilikuwa ofisi moja Posta, mfumo wa watumishi na mishahara, 2.7 mpaka katikati ya 2021. Tulikuwa na watumishi wa Kisukuma wenye majina ya Ng'w. Karani akiandika jina kwenye Word, kile kialama cha ng' Word inakipinda chenyewe. Analinakili, analibandika kwenye mfumo, mfumo unazima. Kosa ni lilelile kila mwisho wa mwezi: ascii, orodha ya herufi ya zamani, haiwezi kuandika u2019, yaani kialama kile kilichopinda. Python 3 ingelipokea jina lile bila neno.

Unajua tulichofanya? Tuliwaambia makarani waondoe kile kialama, jina libaki Ngw. Mtu mzima, jina la babu yake, limebadilishwa kwenye hati ya mshahara kwa sababu sisi vijana wa kompyuta tuliogopa kuhama. Mzee mmoja alikuja dirishani na kitambulisho chake akatuuliza jina hili ni la nani. Sikuwa na jibu, na mpaka leo linaniuma. Toleo kuukuu lina gharama, isipokuwa gharama hiyo huwa inalipwa na mtu mwingine.

#4 Binti Mkwajuni
Shikamoo Mzee wa Seva. Habari hiyo ya majina imenigusa, ila naomba nipingane nawe kwa heshima.

Kwenye Python 2 ukuta ulikuwa kwenye msimbo. Mtu akiamua kukaa chini miezi mitatu anahama kwa kompyuta ileile. Huyu mleta mada ukuta wake uko kwenye Windows, hata aandike msimbo mtamu namna gani hauvuki. Python 3.9 inataka Windows 8.1 kwenda juu.

Mwaka jana nilikuwa kwa mteja Mbagala Rangi Tatu, Windows 7, kompyuta ya mezani ya zamani ile ya rangi nyeusi na kijivu. Kisakinishi cha 3.9 kilikataa. Nikasema nitakishinda, nikanakili folda nzima ya Python kutoka laptopu yangu kwa flashi. Nikabonyeza. Kikatoka kisanduku chenye alama nyekundu: faili la `api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll` halipo. Nikalisaka mtandaoni, nikalipata kwenye tovuti nisiyoijua, nikalitupa ndani ya System32. Wiki iliyofuata mteja ananipigia, kompyuta imejaa matangazo ya kamari, kila akifungua Excel linaibuka jingine. Nilirudi nikaipangusa yote, siku nzima, bila malipo. Tafadhalini msifanye nilichofanya.

Halafu mleta mada, una uhakika umewawekea "3.8 ya mwisho kabisa"? Kisakinishi cha Windows kiliishia 3.8.10, Mei 2021. Zilizofuata mpaka 3.8.20 walitoa msimbo chanzo peke yake, ujijengee mwenyewe. Fungua dirisha jeusi uandike `python --version`.

#5 Kijana wa Sayansi
Dada nimeangalia kwenye kompyuta ninayofanyia majaribio, nikampigia na mhasibu wa Kibaha akanisomea ya kwake. Zote 3.8.10.

Kwa hiyo hawa watu wamekaa miaka mitatu na nusu bila rekebisho lolote la usalama, na mimi nikiwaambia wako salama. Asante kwa kunifumbua macho. Nimekosa usingizi.

#6 Baba Wawili
Nyie wa Python mna afadhali. Njooni huku PHP, lugha ya kuandikia tovuti. Tangu PHP 6 walipoondoa mysql_connect, amri ya kuunganisha tovuti na hifadhidata, nina wateja wanne wamekwama 5.6 mpaka leo hii.

Mnasema kompyuta, mnasema Windows. Kwa niliyoyaona mimi, toleo kuukuu maana yake ni kwamba anayejua ameondoka. Mwenye tovuti alimlipa kijana laki tatu mwaka 2014. Kijana amehamia Dodoma, namba haipatikani, msimbo hauna hata mstari mmoja wa maelezo. Sasa nani athubutu kugusa? Anayenipigia mimi ananiambia "usibadilishe kitu, hakikisha tu haizimi".

#7 Kalamu Nyeusi
Baba Wawili, sahihisho dogo: PHP 6 haikuwahi kutoka. Waliifanyia kazi wakaiacha 2010, baada ya 5.6 ikaja 7.0 moja kwa moja, Desemba 2015. Hiyo 7.0 ndiyo iliyoondoa mysql_connect. Na 5.6 ilifungwa mwisho wa 2018.

Kwenye sababu pia nina langu. Watu hawahami kwa sababu waliwahi kuhama wakaumia. Kuna mfumo wa matokeo wa shule moja niliurithi. Mwanafunzi asiyefanya mtihani walimwandikia X, halafu mahali fulani ndani kuna sharti linauliza kama alama ni sawa na 0. PHP 7 ilikuwa inasema X na 0 ni sawa, basi mtoto anahesabiwa sifuri na mambo yanakwenda. Tukahamia 8. PHP 8 inasema X na 0 si sawa. Hakuna kosa lililotokea, hakuna maandishi mekundu, ukurasa umefunguka vizuri kabisa. Ila watoto ambao hawakufanya hesabu wakatoka na wastani mzuri kuliko waliofanya, kwa kuwa hesabu iliachwa nje.

Mzazi mmoja ndiye aliyegundua, akiwa ameshika ripoti mbili za mapacha wake. Kitu kikizima unakiona. Hiki kilinyamaza wiki tatu. Toka siku hiyo mkuu wa shule akisikia neno "apdeti" anasimama.

#8 Baba Wawili
Asante kwa sahihisho mkuu, nilikaririshwa vibaya. Hiyo ya mapacha nimeisoma mara mbili.

#9 Mtoto wa Tandika
Mbona mnajitesa? Mleta mada aweke programu kwenye seva, wateja waingie kwa kivinjari. Windows 7 itakuwa haimhusu.

#10 Binti Mkwajuni
Mtoto wa Tandika, kivinjari nacho kina toleo. Chrome iliiacha Windows 7 mwanzoni mwa 2023, ya mwisho ni 109. Firefox bado ina toleo la 115 linalofanya kazi, ila nalo siku zake zinahesabika. Unakuwa umeuhamisha ukuta, hujaubomoa. Na mtandao ukikata saa nne asubuhi wanachama wako kwenye benchi, mhasibu atafanya nini?

#11 Mtoto wa Tandika
Sawa. Basi afunge Python yake ndani ya programu, faili moja la exe, mteja hajui hata kama kuna Python.

#12 Kijana wa Sayansi
Ndivyo ninavyofanya mkuu. Lakini Python iliyofungwa humo ndani ni ileile, 3.9 kwenda juu inaitafuta Windows mpya hata ukiificha tumboni mwa exe.

#13 Kalamu Nyeusi
Na kwenye ile ya saa, mleta mada, ukihama usije ukashangaa. zoneinfo, ile sehemu ya saa ya 3.9, inasoma majira kutoka kwenye mfumo wa kompyuta, na Windows haina hazina hiyo. Utalazimika kuweka kifurushi cha tzdata pembeni. Kwa hiyo maktaba moja unaitua, nyingine unaipandisha.

#14 Mama Nasra
Habari zenu wanangu. Mimi si mtaalamu wa kompyuta, ni mhasibu wa SACCOS, mwaka wa tisa sasa. Mwanangu ndiye kanionyesha uzi huu, nimeusoma wote taratibu. Sijui kama programu ninayotumia ni ya huyu kijana, lakini sisi pia tuna Windows 7.

Mnasema tunadekezwa. Ngoja niwaambie kompyuta inavyonunuliwa kwetu. Fedha ni za wanachama. Matumizi ya namna hiyo lazima yawe kwenye bajeti, bajeti inapitishwa na mkutano mkuu, na mkutano mkuu wa mwaka ni mara moja. Kompyuta tuliyonayo ilipitishwa 2013, mjadala wake ulichukua nusu ya mkutano, kuna mzee alisimama akasema daftari halijawahi kuharibika kwa umeme. Kijana akinitumia tangazo Novemba kwamba Januari nihame, laki sita nitaitoa wapi? Nikiitoa bila idhini, kamati ya usimamizi itaniita, na itakuwa na haki.

Halafu Januari mnaijua? Januari wanachama wako mlangoni tangu saa moja na nusu. Ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba. Ndiyo miezi ya mikopo ya dharura. Desemba nafunga hesabu za mwaka. Ukinibadilishia programu katikati ya hapo ikakosea sifuri moja, atakayesimamishwa mbele ya wanachama mia mbili ni mimi, wewe hutakuwepo.

Sikatai kuhama. Nikiambiwa mapema, kwa barua, kwa Kiswahili, kwamba sababu ni hii na gharama ni hii, nitaibeba barua hiyo hadi kwenye mkutano na nitaisimamia mwenyewe. Sijawahi kupata barua kama hiyo. Huwa napata simu.

#15 Chumvi ya Pwani
Mama umeongea. Nimesimama.

#16 Kijana wa Sayansi
Shikamoo mama. Neno "tunawadekeza" nimelifuta moyoni, pale juu nimeliacha ili watu waelewe mazungumzo. Tangazo langu lina mistari minne na lina neno la Kiingereza katika kila mstari. Mkutano mkuu sikuufikiria hata kidogo.

#17 Mama Nasra
Marahaba mwanangu. Usikose usingizi, kunywa maji ulale.

#18 Wakili wa Mtaa
Kuna jambo hamjaligusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023. SACCOS ina majina, namba za simu, namba za NIDA, madeni ya watu, wadhamini wao. Anayetunza taarifa hizo anatakiwa azilinde. Siku zikivuja, ukaulizwa, ukajibu kwamba programu ilikuwa inakaa juu ya lugha iliyofungwa na Windows iliyofungwa tangu Januari 2020, umejichongea.

Kwa mtazamo wangu suala la huruma limekwisha hapo. Ni wajibu.

#19 Kalamu Nyeusi
Wakili, sheria haitaji toleo la Python wala la Windows. Inataka ulinzi unaofaa. Kompyuta isiyoguswa na intaneti, iliyofungiwa ofisini, pengine ni salama kuliko ya kisasa ambayo kila mtu anachomeka simu yake. Hatari ya ofisi hizi ninayoiona mimi ni flashi inayozunguka kati ya ofisi na duka la kuchapisha, na mwizi anayebeba kompyuta nzima. 3.13 haizuii mwizi.

#20 Wakili wa Mtaa
Flashi inayozunguka ndiyo intaneti yenyewe, inakuja kwa miguu. Virusi vikishaingia hivyo, Windows isiyo na marekebisho haina kinga. Tusibishane kwa mwizi wa mlango kusahau mwizi wa dirisha.

#21 Gogo la Shamba
Wakuu mnazungumza kama vile tarehe 7 Oktoba ni kifo cha kila mtu. Aliyeifunga 3.8 ni jamaa wa Python wenyewe. Ubuntu 20.04, mfumo endeshi wa Linux, ilizaliwa na 3.8 tumboni, na wenye Ubuntu wanaitunza hadi 2025. RHEL 8, Linux ya kampuni ya Red Hat, inatembea na Python 3.6 na itatunzwa hadi 2029, na 3.6 hiyo jamaa wa Python waliizika mwishoni mwa 2021. Toleo linakufa pale asipobaki mtu wa kulitunza. Likiwa na mtunzaji liko hai.

#22 Mzee wa Seva
Kweli kabisa kwa seva, na ndivyo ninavyoishi. Lakini mtaje mtunzaji wa 3.8 kwenye Windows 7. Hayupo. Huyu kijana amekuwa mtunzaji bila kujua, na hakuomba kazi hiyo.

#23 Mwanakijiji wa Kimara
Lawama ni za wenye lugha. Zamani toleo lilikaa. Siku hizi kila Oktoba wanatoa jipya, hujamaliza kujifunza hili wameshaleta lile. Wanatengeneza kwa ajili ya watu wenye kompyuta mpya kila mwaka, sisi tunakimbizana nao na bando la elfu moja.

#24 Kalamu Nyeusi
Mwanakijiji, Oktoba ya kila mwaka ilianza na 3.9, kabla ya hapo ilikuwa kama mwaka na nusu hivi. Lakini umri wa kila toleo haujapungua, ni miaka mitano ileile. 3.8 nayo ilipata mitano yake. Wanaokimbia zaidi ni wenye maktaba. NumPy, maktaba ya mahesabu, iliacha 3.8 kwenye toleo la 1.25, mwaka mzima na zaidi kabla lugha yenyewe haijafungwa. Wale wa maktaba za kisayansi walikubaliana kusapoti matoleo ya miezi 42 iliyopita tu.

#25 Mwanakijiji wa Kimara
Miezi 42 ndiyo nini? Bajaji yangu ina miezi 60 na bado inapanda mlima wa Kimara.

#26 Baba Wawili
Bajaji yako mkuu inapata vipuri Kariakoo kila kona. 3.8 ya Windows vipuri vimeisha tangu 2021, Binti Mkwajuni kashaeleza pale #4.

#27 Mwanakijiji wa Kimara
Hapo umenikamata. Lakini aliyeacha kutengeneza vipuri ni nani? Narudi palepale.

#28 Fundi Bomba
Samahani nimechelewa, nilikuwa kwenye foleni ya Ubungo tangu saa kumi na mbili.

Naona mnachanganya mambo mawili. Kuacha kusapoti hakumaanishi kuzima. Kijana anaweza kuligandisha tawi la sasa, yaani nakala ya programu iliyopo, hapo lilipo, lenye 3.8, libaki linafanya kazi na kurekebishwa makosa ya hesabu tu. Vipengele vipya viende kwenye tawi la 3.10. Walio mtandaoni kwenye pip, zana ya kushushia vifurushi vya Python, hili limetatuliwa zamani: ukiandika kwenye kifurushi chako kwamba kinahitaji 3.10, pip kuanzia 9.0 ya mwaka 2016 inampa mwenye 3.8 toleo la mwisho linalomfaa, wala hajui kama kuna jipya. Hakuna anayeamka asubuhi akakuta kimekufa. Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, wamefanya hivyo miaka yote: 4.2 inakubali 3.8 na inatunzwa hadi Aprili 2026, 5.0 inataka 3.10.

#29 Binti Mkwajuni
Fundi, wazo ni zuri ila wateja wake hawana pip wala intaneti. Apdeti inakwenda kwa flashi, kwa daladala. Matawi mawili kwake ni flashi mbili, na siku moja atachanganya.

Halafu matawi mawili ndiyo yaleyale anayoyalalamikia. Yeye amechoka kujaribu mara mbili, wewe unampa njia ya kuendelea kujaribu mara mbili kwa jina jingine.

#30 Fundi Bomba
Hapana dada. Tawi lililogandishwa halijaribiwi kila wiki, linaguswa linapouma tu. Tofauti ni kubwa. Mimi nimeishi nalo miaka miwili kwenye mfumo wa duka la dawa, nililigusa mara tatu.

#31 Mzee wa Seva
Mara tatu kwa sababu hakuna sheria iliyobadilika. Kwenye SACCOS wakibadilisha fomu ya taarifa inayopelekwa kwa msimamizi, tawi zee nalo litataka fomu mpya, na hapo ndipo vipengele vipya vinaanza kurudi nyuma kimojakimoja. Nimeyaona. Mwishowe una programu mbili na wewe ni mmoja.

#32 Chumvi ya Pwani
Mwenye duka wangu wa Kariakoo nimemweleza habari za matawi. Ameniuliza kama yana gharama. Nikasema kidogo. Akasema basi tusiyapande.

#33 Mtoto wa Tandika
Swali la pembeni: hao wenye Windows 7 wakinunua Windows 10 si yataisha?

#34 Gogo la Shamba
Windows 10 yenyewe inafungwa 14 Oktoba 2025. Mtu anapitishiwa bajeti na mkutano mkuu mwaka 2025, anahamia, miezi michache baadaye anaambiwa hama tena. Mama Nasra atasimama na barua gani safari hiyo? Na 11 haizikubali kompyuta hizi za zamani. Mimi ningeweka Linux nyepesi badala ya Windows, na diski ya SSD, kompyuta ya 2013 inafufuka.

#35 Mama Nasra
Nimelisoma hilo la Oktoba nikaweka simu chini kwanza.

#36 Kijana wa Sayansi
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Asanteni wote.

Nilikwenda ofisi moja ya Temeke yenye Windows 7, nikaomba nijaribu alilosema Gogo la Shamba. Nilibeba SSD niliyonunua mwenyewe Kariakoo kwa elfu 45, diski yao ya zamani nikaichomoa nzima, nikaifunga kwenye karatasi na kumkabidhi mhasibu aifungie kabatini, ili nikishindwa nirudishe kama ilivyokuwa. Ndani ya kompyuta vumbi limeganda kama sufi, feni haizunguki mpaka uisukume kwa kidole. RAM ni giga 2. Nikaweka Linux Mint ya Xfce, ikaja na Python 3.12 yenyewe.

Programu yangu ilikataa mara ya kwanza, kuna mahali nilitumia distutils, zana ya zamani ya Python, nayo imeondolewa kwenye 3.12. Nikasahihisha palepale, mistari miwili. Ikawaka. Daftari la mikopo lililokuwa linachukua dakika nzima kufunguka, sekunde nne. Mhasibu, mama mmoja mtu mzima, alifunga akafungua tena, akafunga akafungua, kama mara tano hivi, halafu akamwita mwenyekiti aje aone.

Kilichoshindikana ni mawili. Faili zake za Excel zina fomula za miaka kumi, LibreOffice, inayoshika nafasi ya Excel kwenye Linux, imezifungua lakini jumla ya safu moja imetoka tofauti, na mpaka sasa sijui kama kosa ni la LibreOffice au Excel ndiyo ilikuwa inamdanganya muda wote. Na printa ya risiti. Inachapa, ila kila risiti inaanza na mstari wa alama zisizosomeka, halafu inakata karatasi kabla ya jina la mwanachama.

Mwenzangu nimemwonyesha. Anasema ofisi moja siyo 14, na SSD 14 nitanunua kwa hela ya nani. Mimi nimeanza kuandika barua upya, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ya kupelekwa kwenye mikutano mikuu. Januari nimeifuta. Tarehe nyingine sijaandika, yeye anataka Desemba 2025, mimi nataka Juni. Tumeacha nafasi wazi.

#37 Wakili wa Mtaa
Kwenye barua usisahau kuwaambia kuhusu 3.8.10 na ile miaka mitatu na nusu. Wana haki ya kujua.

#38 Kijana wa Sayansi
Aya ya kwanza kabisa mkuu. Imenichukua siku mbili kuiandika.

#39 Mama Nasra
Mwanangu, ukimaliza iweke hapa na sisi tusome. Yangu nitaibeba hivyohivyo.

#40 Binti Mkwajuni
Printa hiyo karatasi yake ni ya milimita 58 au 80? Igeuze, tumboni kuna kibandiko chenye namba ya aina yake, nitajie. Hizo alama za mwanzo huwa ni amri ambazo draiva ya Windows ilikuwa inazitafsiri.

#41 Kijana wa Sayansi
58 dada. Kibandiko kimefutika chote, imebaki herufi P na kitu kama 5 au S. Kesho napita tena Temeke, nitakipiga picha mwangani.